BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA NAWE: Kilo, Pauni na Bar

Hapa Ikuti mvua ni nyingi na njia huteleza. Mashine ya kusaga ikilala, akina mama hubeba debe la mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili. Kwa hiyo mwezi huu naiacha migomba. Tuzungumze juu ya mashine ya dizeli.

Mashine hiyo ina nozeli. Ndani ya nozeli kuna sindano iliyobanwa na springi. Pampu husukuma dizeli. Ikisukuma kwa nguvu ya kutosha, sindano huinuka na mafuta hutoka kama ukungu. Ukungu huwaka vizuri. Nguvu ile ya kusukuma ndiyo presha.

Msimu uliopita mashine moja hapa ilitoa moshi mweusi. Kitabu chake kilisema nozeli ifunguke kwenye 130. Gaji ya fundi ilikuwa na namba kubwa: 1,000, 2,000, 3,000. Mimi, Bwana Shamba mwenye cheti, nikasema, "Labda sifuri moja imesahaulika. Weka 1,300." Fundi akaweka. Mashine ikawaka, lakini moshi ukazidi na dizeli ikaliwa sana. Baada ya wiki chache nozeli ikaziba kwa masizi.

Sifuri haikusahaulika. Kitabu kilihesabu kwa kilo, gaji ilihesabu kwa pauni.

Tazama ukucha wa kidole chako kidogo. Ukubwa wake ni karibu sentimita moja ya mraba. Ukiweka juu yake pakiti ya sukari ya kilo moja, hiyo ni presha ya kilo 1. Kwenye gaji huandikwa kg/cm2. Sasa fikiri kilo 130 juu ya ukucha huo. Ni zaidi ya gunia zima la mahindi!

Pauni huandikwa psi. Ni uzito wa pauni moja juu ya inchi moja ya mraba. Kilo 1 ya presha ni sawa na pauni 14.2. Chukua kalamu tufanye hesabu:

130 x 14.2 = 1,846

Basi tulipaswa kuweka karibu pauni 1,850. Na zile 1,300 zetu zilikuwa kilo ngapi? Gawanya kwa 14.2. Utapata kilo 91 na nusu tu. Springi ilikuwa imelegea, sindano ikafunguka mapema, na mafuta yakatoka kwa matone badala ya ukungu.

Vipo vipimo vingine viwili. Cha kwanza ni bar. (Hutamkwa baa, lakini si ile ya pombe.) Bar 1 ni pauni 14.5. Bar na kilo zinakaribiana sana, kama ndugu wa tumbo moja. Cha pili ni megapaskali, huandikwa MPa. Vitabu vya mashine za siku hizi hupenda kukitumia. Megapaskali 1 ni bar 10. Ukisoma 12.75 MPa usishangae kwamba namba ni ndogo. Ni bar 127 na nusu, yaani zile zile kilo 130.

Lakini 130 si ya mashine zote. Zipo zinazotaka bar 200, ambazo ni pauni 2,900. Soma kitabu cha mashine yako kwanza. Usitazame namba peke yake, tazama na herufi zilizo mbele yake.

Nozeli nyingine zina skrubu juu ya springi. Ukikaza, presha hupanda. Ukilegeza, hushuka. Nyingine hazina skrubu, huongezwa vibati vyembamba. Kazi hii apewe fundi mwenye pampu ya kupimia.

Wakati wa kupima, usiweke mkono mbele ya nozeli hata kidogo. Dizeli yenye presha hiyo hupenya ngozi, na kidonda huonekana kidogo kama cha sindano. Mtu akipatwa, asisubiri maumivu. Aende hospitali saa hiyo hiyo, aeleze kwamba dizeli imeingia mwilini kwa presha.

Mashine yetu ilirekebishwa na inasaga. Fundi ameandika ukutani kwa rangi nyeupe: kilo 130, bar 127 na nusu, pauni 1,850. Chini yake akaongeza kwa utani: "Bwana Shamba asiongeze sifuri."