Tusiusingizie Mnara kwa Kila Kichwa Kinachouma



Katika mkutano wetu wa mwaka hapa Newtown palitolewa shauri kwamba sote tutie sahihi barua ya kutaka mnara wa simu ulio juu ya paa la jirani uondolewe, kwa kuwa mawimbi yake yanaharibu ubongo. Mimi sikutia sahihi, na baadhi yenu mkaninunia. Naomba nafasi nieleze sababu zangu.

Mawimbi ya simu ni jamaa ya mawimbi ya redio. Hayana nguvu ya kuvunjavunja chembe za mwili kama eksirei. Linalojulikana ni kwamba hutia joto kidogo. Kweli, mwaka 2011 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka katika fungu la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Lakini mwaka 2024 ulitoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika hilohilo, uliokusanya tafiti 63, nao haukuona uhusiano baina ya simu na saratani ya ubongo.

Mwaka 2009, katika Johannesburg hii hii, wakazi wa Craigavon walilalamikia vichwa kuuma na vipele, wakaushtaki mnara wa kampuni ya iBurst. Kampuni ikatangaza kwamba mnara ulikuwa umezimwa majuma kadhaa, na malalamiko yalikuwa hayajakoma. Sisemi walidanganya. Maumivu huwa ya kweli hata kama mshtakiwa siye.

Nasi yametufika. Shangazi yangu aliumwa kichwa miezi mingi, akausingizia mnara, akahamishia kitanda chumba cha nyuma, kliniki asiende. Alipopimwa alikutwa na presha ya kutisha. Alhamdulillahi, tulimwahi.

Tena, mnara ukiwa mbali simu hutumia nguvu zaidi kuufikia, na simu ndiyo tunayoibana sikioni. Tukiuondoa, huenda tukajiongezea kilekile tunachokikimbia. Mwenye hofu na aongee kwa kipaza sauti, simu ikiwa mezani. Na watoto tuwanyang'anye simu usiku, maana usingizi wanaoupoteza hauhitaji mtaalamu kuuona.

Kwa hiyo naleta shauri langu: mkutano ujao tumwalike muuguzi na kipimo chake, kila mtu mzima apimwe presha. Barua ya mnara na ingoje.

Wasalaam,
Ndugu yenu