Seva mbili si bakapu

Jamani, nimechoka kusikia "sisi tuna seva mbili, data yetu iko salama." Mteja mmoja aliniambia hivyo hivyo. Nikamuuliza: ukifuta jedwali la wateja kwenye seva ya kwanza, ile ya pili itafanya nini? Kimya.

Itafuta pia, tena kwa sekunde. Ndiyo kazi yake. Itakufaa diski ikiharibika au stima ikipotea (na hapa kwetu hupotea!), lakini haiwezi kujua kwamba amri uliyoandika ni kosa.

Mnakumbuka GitLab? Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao akihangaika usiku na seva ya pili iliyoachwa nyuma, alifuta data ya seva kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Kukimbilia bakapu za kila siku, hakuna kitu! Programu ya kuzitengeneza ilikuwa toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kimyakimya. Kilichowaokoa ni snapshoti, yaani picha ya diski ilivyo kwa dakika ile, ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ikapotea.

Mimi huchukua snapshoti kila saa, nakala moja naipeleka mbali na seva, na kila Ijumaa naifungua kwenye mashine tupu. Juzi iligoma: ufunguo wake nilikuwa nimeuacha kwenye seva ileile. Yako uliifungua lini?