Maji ya Fukushima: Vipimo vimeridhisha, mvuvi bado

Tangu Agosti 24, 2023, kampuni ya umeme ya TEPCO nchini Japani imekuwa ikimwaga kwa awamu katika Bahari ya Pasifiki maji yaliyohifadhiwa kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Shughuli hiyo imepangiwa kuchukua takriban miaka 30, na mjadala kuihusu ungali mkali.

Asili ya maji hayo ni mkasa wa Machi 11, 2011, tetemeko la ardhi na tsunami vilipokikumba kituo hicho na kusababisha vinu vitatu kuyeyuka. Mabaki ya fueli yaliyomo hadi leo hupozwa kwa maji, ambayo huchanganyika na yale ya mvua na ya chini ya ardhi. Kufikia 2023, zaidi ya tani milioni 1.3 zilikuwa zimejaza matangi zaidi ya 1,000.

Kabla ya kumwagwa, maji huchujwa kwa mitambo ya ALPS, iliyoundwa kuondoa aina 62 za chembechembe zenye miale hatari. Hata hivyo tritiamu, ambayo ni aina ya haidrojeni, haichujiki kwani huwa sehemu ya maji yenyewe. Kwa hivyo maji huzimuliwa kwa yale ya bahari hadi tritiamu ishuke chini ya bekereli 1,500 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa ni bekereli 10,000.

Mnamo Julai 2023, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) lilisema mpango huo unaafiki viwango vya kimataifa na kwamba athari zake kwa watu na mazingira ni ndogo mno. Watetezi wake huongeza kuwa kiwanda cha La Hague, Ufaransa, hutoa tritiamu mara mamia zaidi kila mwaka.

Mbona basi upinzani ukawa mkubwa? Jibu limo katika rekodi ya wahusika. Mnamo 2013, TEPCO ilikiri kuwa maji yenye sumu yalikuwa yakivuja baharini. Mnamo 2018, ilikiri tena kuwa takriban asilimia 80 ya maji yaliyokuwa yamechujwa yalisalia na chembechembe kupita kiwango, hivyo yangehitaji kuchujwa upya.

Isitoshe, mnamo 2015 serikali na TEPCO ziliwaahidi wavuvi wa Fukushima kuwa maji hayo hayangemwagwa bila wahusika kuelewa na kuridhia. Ahadi ni deni, lakini maji yalimwagwa huku chama cha wavuvi kikipinga. Serikali ilitenga yeni bilioni 80 za kuwakinga na hasara, ila fedha haziwezi kununua sifa ya samaki.

Hilo lilidhihirika siku hiyo hiyo, China ilipopiga marufuku vyakula vyote vya baharini kutoka Japani. Hata wavuvi wa Hokkaido, walio mbali na Fukushima, waliumia. Marufuku hiyo ililegezwa kwa sehemu Juni 2025, lakini Novemba iliripotiwa kurejeshwa kufuatia mzozo kuhusu Taiwan. Ni wazi kwamba siasa nazo zimeingia katika chungu hiki, hasa ikizingatiwa kuwa vituo vya China vyenyewe humwaga tritiamu.

Malalamiko ya visiwa vya Pasifiki ni ya aina nyingine. Marekani ilifanya majaribio 67 ya nyuklia katika Visiwa vya Marshall kati ya 1946 na 1958, na wenyeji walihakikishiwa usalama wao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wakosoaji walitaka maji yaendelee kuhifadhiwa, kwani nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Japani ilijibu kuwa nafasi ya matangi inahitajika kwa kazi ya kubomoa kituo.

Kwa Kenya, ambako wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mnamo 2024 kupinga mpango wa kinu cha nyuklia, funzo ni bayana. Vipimo vya maabara ni vya lazima, lakini havitoshi. Anayeishi kwa bahari anastahili kusikizwa kabla ya uamuzi kupitishwa, kwani maji yakimwagika hayazoleki.