Wi-Fi ya lupango: tugawane, lakini mulango ufungwe

Mu malupango mingi ya Kolwezi na Likasi, Wi-Fi imekuwa kama bomba la maji: mutu moja analipa, nyumba tatu zinateka. Sisemi ni mubaya. Mwenye kumunyima jirani mega kidogo ya kutuma habari ya matanga, huyo roho yake iko mugumu. Lakini bomba, kila mutu anaona nani anakuja na ndoo. Wi-Fi, hapana.

Angalia namna kode inavyotembea. Baba iko ku kazi, zamu ya usiku. Mutoto anamupa rafiki yake. Hata bila kumuambia: simu za leo zinaonesha kapicha ka miraba, mwingine anakipiga na kamera, tayari ameingia. Huyo naye anawapa wake. Kiisha mwezi unafika nusu, forfe imekwisha, na baba akitaka kuona sura ya batoto kutoka ku karieri, picha inasimama. Mama anasema rezo ni mubaya. Rezo haina kosa, ni barabara nzima njo inakula.

Na kuna kubaya kuliko mega. Kutoka inje, simu zote zinazopita mu kisanduku kimoja zinaonekana na adresi moja: ya mwenye kulipa. Mutu akifanya utapeli akiwa amekaa ku ukuta wako, alama zinaelekea kwako. Tangu 13 Machi 2023 inchi yetu iko na Code du numérique, yenye malipizi kwa makosa ya namna hii. Nani anataka kwenda kueleza mambo ya jirani mbele ya ofisa?

Mimi lawama ya kwanza ninaiweka kwa wale wanaokuja kufunga visanduku. Wanapanda ukuta, wanavuta waya, wanapokea feza, wanaacha jina la kuingilia « admin » na kode ni « admin » vilevile. Mwenye kuingia mule ndani anaweza kugeuza njia: wewe unaandika adresi ya benki, unafikishwa ku ukurasa wa uongo. Kwa mawazo yangu, fundi asilipwe mbele ya kubadilisha kode zote mbili, ile ya Wi-Fi na ile ya kisanduku chenyewe, na mwenye nyumba iko pale anaangalia. Azime pia WPS. Namba yake iko na tarakimu 8, lakini kisanduku kinaikagua nusu-nusu. Mwizi hana haja ya kujaribu mara milioni 100, mara 11,000 zinatosha. Hii ilitangazwa tangu 2011, na hata leo kuna visanduku vya zamani vyenye kubaki wazi hivyo.

Na jirani? Visanduku vingi vinakubali rezo ya pili, ya wageni, na kode yake. Umupe ile. Ukichoka, unabadilisha kode ya wageni peke yake, nyumba yako haiguswi. Hii si choyo. Ku kode ya nyumba uchague WPA2 ao WPA3, na maneno marefu: maneno ine yasiyohusiana, si jina la mutoto na mwaka wake wa kuzaliwa, shi lupango muzima wanaujua.

Lakini tusidanganyane: hata Wi-Fi iliyofungwa vizuri haimuzuie yule anayepiga simu siku ya mushahara, anajifanya agent wa M-Pesa, anaomba namba yako ya siri. Yule hapiti mu kisanduku. Anapita mu kinywa chako.

Kazi yenyewe inatosha siku moja ya mapumuziko, baba akiwa nyumbani. Ukibadilisha kode, simu zote zinaanguka pamoja, hata televizyo, utazirudisha moja kwa moja. Utaona mangaribi nani atakuja kugonga, akiuliza kama rezo imekatika.