Jembe Linavyopanda Ndago

Mitaani kwetu bustani yenye majani huhukumiwa kabla mwenyewe hajasikilizwa. Mpita njia huchungulia juu ya ua, huguna, na hukumu ni ileile: mle ndani anakaa mvivu. Tiba nayo hutolewa papo hapo. Lete jembe. Lima, geuza, kung'uta, choma moto. Magugu yakirudi, basi hukulima vya kutosha. Mimi nasema kwamba kwa magugu yanayotutesa zaidi majumbani, tiba hiyo ni uongo mtupu, na anayeifuata kwa bidii huishia kuwa na magugu mengi kuliko jirani yake anayelala mpaka saa nne asubuhi.

Chukua ndago, kwa kuwa ni bustani chache za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa zisizoijua. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walitoa kitabu kikubwa kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani, na aliyekaa juu ya orodha hakuwa gugu maji wala kiduha. Ilikuwa ndago. Kwa sura haitishi: majani membamba ya kijani, shina lenye pembe tatu ukilibiringisha vidoleni, kishada chembamba cha rangi ya hudhurungi. Ujanja wake wote uko chini. Kuna vijiazi vyeusi vyenye harufu kali, vimeungana kwa nyuzi ngumu kama shanga za tasbihi, na vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, palepale jembe linapofika.

Sasa sikiliza kinachotokea huko. Katika mlolongo ule, kijiazi kilichotangulia kuchipua huvizuia vingine. Vinakaa vimelala, vinangoja. Jembe likipita, uzi hukatika, kila shanga hujikuta peke yake, haina tena wa kuizuia, na yote huchipua. Ulikuwa na shina moja, umejitengenezea kundi. Nalo kila chipukizi likiachwa wiki chache tu huanza kuunda vijiazi vyake. Kwa hiyo yule kibarua uliyemlipa alime bustani nzima katikati ya masika amekupandia ndago kwa ustadi ambao mkulima wa viazi angeuonea wivu.

Watu wa nyanda za juu wasicheke. Wao wana sangari, na hadithi yake haina tofauti kubwa. Inatambaa chini kwa chini, na kipande kifupi cha mzizi chenye pingili kinatosha kuanzisha upya kila ulichodhani umekimaliza. Ukiikatakata kwa jembe, umeizidisha. Wakulima wa kahawa wanalijua jambo hili vizuri, ndiyo maana wengi wao hutumia uma wa shamba, wakaivuta ikiwa ndefu, wakaitoa nje kabisa.

Silitukani jembe. Lina msimu wake, na msimu huo ni kiangazi. Kijiazi cha ndago kinachofukuliwa na kuachwa juani siku kadhaa mfululizo, udongo ukiwa mkavu, hupoteza maji yake na kufa. Hapo jembe ni silaha. Lakini nani hulima bustani ya nyumbani wakati wa kiangazi? Udongo ni mgumu, jua ni kali, na majani yenyewe yamesinyaa hivi kwamba hayamkeri mtu. Tunangoja mvua inyeshe, udongo ulainike, magugu yasimame wima, ndipo tunaamka na hasira. Tunafanya kazi ngumu katika wiki zilezile ambazo kijiazi kilichokatwa hakiwezi kufa hata ukikiomba.

Juu ya hapo kuna hili la kuabudu udongo mtupu. Uwanja wa mbele ya mlango na ufagiliwe. Nyoka akipita aonekane, sina ugomvi na ufagio. Bustani ni habari nyingine. Ndago hupenda jua kuliko karibu kila kitu unachopanda, na kila ukwanguapo udongo ukaacha wazi unaifungulia pazia. Ncha yake hutoboa nailoni nyeusi, hutoboa hata lami nyembamba, lakini chini ya kivuli kizito hudhoofika. Funika tuta kwa matembele, maboga, kunde au fiwi, panda kwa kubanana, na ndago itakayochomoza katikati ikate usawa wa ardhi kila baada ya wiki mbili bila kugeuza udongo. Kijiazi huchipua kwa akiba yake. Ukikata kabla jani halijarudisha kitu chini, akiba hupungua. Si kazi ya Jumamosi moja. Itachukua misimu, na katika misimu hiyo utakuwa unakula matembele, jambo ambalo udongo mtupu haujawahi kumfanyia mtu.

Wapo watakaosema haya yote ni maneno, duka la pembejeo lipo mtaa wa pili. Haya, twende dukani. Glaifoseti huingia kwa majani na kushuka mpaka kwenye kijiazi kilicho hai na chenye shughuli. Kile kilicholala hakipokei kitu. Na wengi wetu hulima kwanza, halafu hupulizia vichipukizi vidogo vilivyobaki, yaani tunaikatia dawa njia yake ya kushukia. Tena tunapulizia tukiwa na kaptula na ndala, upepo ukielekea kwenye mchicha. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka kadhaa za udhibiti hazikukubaliana nalo. Sijaingia katika ugomvi wao. Naona tu kwamba ndala si vazi la kupulizia dawa yoyote. Na wanaomwaga chumvi au oili chafu nisiwapotezee wino: wanaua bustani ili kuliua gugu, na mara nyingi gugu ndilo linalorudi kwanza.

Kung'oa kuna mahali pake. Gugu karoti, lile la maua madogo meupe lililoenea Arusha na kwingine, huenea kwa mbegu, na shina moja hutoa maelfu. Hilo ling'oe kwa mzizi wake wote kabla halijachanua, ukivaa glavu kwa sababu linawasha na kuumiza ngozi. Kinachofaa kwa gugu karoti ndicho kinachoiponza bustani yenye ndago. Anayetoa dawa moja kwa magugu yote hajawahi kuinama akayatazama.

Sasa turudi kwa mvivu wetu. Ndago yake aliinunua. Ilikuja ndani ya kiriba cha mche wa mwaridi uliouzwa kando ya barabara, au kwenye lori la udongo mweusi lililoletwa kujaza tuta, au kwenye jembe la kuazima lililorudi na tope la bustani nyingine. Samadi mbichi nayo huleta mbegu za kila aina zilizopita salama tumboni mwa ng'ombe. Isipooza na kupata joto, unamwaga magugu kwa beleshi. Wanaomgunia juu ya ua hununua miche kwa muuzaji yuleyule. Siku nyingine ukichagua mche, mwombe akufungulie kiriba mbele yako, uvunje bonge la udongo kwa vidole. Ukikuta shanga nyeusi yenye harufu, mrudishie mche wake, hata kama mmekwisha kupatana bei.