Ada ya Mtoto Haikupotea



Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mzee mmoja alinisimamisha mlangoni pa kanisa. Aliuza mbuzi wanne ili bintiye ajifunze kompyuta mjini. Sasa binti amepata kazi, lakini mashine za huko zina jina jingine kabisa. Mzee akaniuliza: "Karani, je, ada yangu imepotea?"

Nilimjibu: "Mzee, haikupotea." Sababu yake nawaelezeni na ninyi, maana wazazi wengi wana shaka hiyo hiyo.

Hapo zamani kila kampuni ilitengeneza kompyuta kwa namna yake, na programu ya moja haikufaa kwa nyingine. Mwaka 1980 kampuni ya IBM ya Marekani iliweka watu wachache katika mji wa Boca Raton, Florida, watengeneze kompyuta ndogo ya mezani kwa muda wa mwaka mmoja tu. Mkuu wao alikuwa Don Estridge. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, hawakutengeneza kila kitu wenyewe. Prosesa, yaani akili ya mashine, waliinunua kwa Intel. Programu ya kuiongoza wakaipata kwa Microsoft. Tena wakachapa kitabu cha kueleza mambo ya ndani yake, ili wengine waweze kuiongezea vifaa.

Tarehe 12 Agosti 1981 mashine hiyo, IBM PC, ilitangazwa. Ya bei ndogo ilikuwa dola 1,565. Kumbukumbu yake ilitosha herufi 16,000 hivi, na kazi ilihifadhiwa katika kaseti kama zile za nyimbo.

Kitu kimoja tu kilibaki mali ya IBM peke yake: programu ndogo ya kuiamsha mashine inapowashwa. Mwaka 1982 watu wa kampuni ya Compaq waliandika ya kwao bila kunakili. Walioisoma ile ya IBM walieleza tu inafanya kazi gani. Wengine, ambao hawakuiona kamwe, wakaandika mpya. Basi mlango ukafunguka. Kampuni nyingi zikafuata, na bei ikashuka.

Mwaka 1987 IBM ilijaribu kuufunga tena. Ilitoa aina mpya, PS/2, ambayo aliyetaka kuiiga alipaswa kulipa. Wenzake wakakataa; mwaka 1988 kampuni tisa ziliungana kushika njia yao. Mwisho, mwaka 2005, IBM iliuza kazi hiyo yote kwa Lenovo ya China. Mwanzilishi akatoka sokoni, bali njia aliyoifungua ikabaki. Ndiyo maana leo majina ni mengi na kazi ni moja, isipokuwa Apple, ambao wana njia yao.

Basi, wazazi, msichague chuo kwa jina lililoandikwa juu ya mashine. Ulizeni hivi kabla ya kulipa: Je, mwanangu ataigusa mashine kwa mikono yake kila siku, au atanakili tu maneno ya ubaoni? Hapo ndipo ada hupotea.

Wahenga walisema: Ujuzi hauzeeki. Lakini usipotumiwa husahaulika. Binti akija likizo, mwambieni awafundishe wadogo zake alichokipata kwa mbuzi wale wanne.

Tuonane juma lijalo.