Ukifika Lamu, Mlipe Mtembezaji

Wadau, hili litawakera wengine. Mkenya akifika Mji wa Kale wa Lamu utamsikia, "Nitajizungusha mwenyewe, simu ninayo." Haya, zunguka. Utapiga picha punda, milango ya nakshi na ile ngome iliyokuwa jela hadi 1984, kisha urudi hotelini ukidhani umeiona Lamu.

Mimi nilimlipa kijana wa pale. Alinisimamisha kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, akanieleza mgeni alipokelewa hapo bila kuwasumbua wa ndani. Akanionyesha kuta za matumbawe na boriti za mikoko: urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba hivyo! Alijua pia vichochoro vya kuzima kamera, maana watu wanaishi humo bana. UNESCO iliuingiza mji huo kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 ukiwa na wenyewe ndani.

Sisi wa Leparua tunataka wageni wa hifadhi yetu wawalipe vijana wetu wanaosoma nyayo za wanyama. Sasa mbona tukienda Lamu tunavutana bei na kijana mwenzetu mpaka anachoka? Kubalianeni kabla ya kuanza kutembea, na mkifika mwisho usije ukaikata.